Kwa nini tuzibe jicho zima? Jibu kwa mama wa Usa River

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Usa River, Arusha. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Wapimaji wa macho walikuja shuleni kwao, nikaletewa barua kwamba jicho la kushoto halioni vizuri. Hospitali walimwekea matone, wakapima, wakasema la kulia ni 6/6 na la kushoto 6/36, ana uvivu wa jicho. Akapewa miwani. Tumerudi baada ya miezi mitatu, la kushoto limefika 6/24 akiwa na miwani, sasa wanataka tumzibe jicho la kulia kwa plasta kwa muda wa saa 2 kila siku. Hapo ndipo tulipogombana nyumbani. Makengeza hana, ukimtazama macho ni mazuri kabisa. Bibi yake anasema tutamharibia na lile zima. Baba yake anasema mbona mwalimu hajawahi kulalamika. Hali hii inatokana na nini? Kwa nini tiba isiwe dawa au upasuaji tukamaliza? Na je, tumeshachelewa? Ana mdogo wake wa kike, miaka 3, naye nina wasiwasi naye."

Marahaba mama. Naanza na la kuchelewa, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hamjachelewa. Tiba hii hujibu vizuri zaidi ikianza kabla ya miaka 7, na mwanao yumo humo. Kati ya miaka 7 na 12 watoto wengi bado hupata nafuu, ila kwa mwendo wa polepole. Hata baadhi ya wenye miaka 13 hadi 17, hasa ambao hawajawahi kutibiwa kabisa, huongeza mstari mmoja au miwili kwenye ubao wa kupimia macho. Kwa hiyo yeyote akikwambia "ungemleta akiwa na miaka 3, sasa basi", usimsikilize.

Tena mwanao ameshaanza kujibu. Kusoma 6/36 maana yake herufi ambayo mwenye macho mazuri anaisoma akiwa umbali wa mita 36, yeye ilibidi asogee hadi mita 6. Sasa ni 6/24. Miwani peke yake imemfikisha hapo, plasta bado haijaguswa.

Jicho lake la kushoto lenyewe halina ugonjwa. Ukilimulika mpaka ndani utakuta kila kitu kiko mahali pake, na ndiyo maana ukimtazama hulioni tatizo. Kasoro iko kwenye ubongo. Mtoto huzaliwa na macho, lakini kuona anajifunza, na miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unajenga mawasiliano na kila jicho kulingana na picha zinazofika. Jicho moja likileta picha safi na jingine likileta picha ya ukungu siku zote, ubongo unashika ile safi na kuipuuza ile nyingine. Ninyi wa Meru mnaofahamu zamu za maji ya mfereji mtanielewa: mwenye shamba la juu akiachiwa maji kila siku, shamba la chini litakauka hata kama udongo wake ni mzuri kuliko wa juu. Mbolea haitalisaidia. Kinachosaidia ni kufunga mlango wa juu kwa saa kadhaa ili maji yashuke. Plasta mliyopewa inafanya kazi hiyo, haina dawa yoyote ndani yake.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Katika miaka ya 1960, huko Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel waliwafumba paka wachanga jicho moja kwa muda, kisha wakalifumbua. Jicho lilikuwa zima kabisa, lakini sehemu ya ubongo inayopokea picha ilikuwa imehamia upande wa jicho lililoachwa wazi. Walipomfanyia paka mkubwa hivyohivyo, ubongo wake haukubadilika namna hiyo. Mwaka 1981 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kutoka hapo ndipo tunapoijua hofu yetu ya umri, na pia tumaini letu: ubongo uliojifunza vibaya ungali mdogo unaweza kufundishwa upya ungali mdogo.

Sasa chanzo. Kwa maelezo yako, bila makengeza, jicho moja 6/6 na jingine 6/36, na miwani ikasaidia, karibu nina hakika kwamba mwanao ana tofauti ya namba, yaani nguvu ya miwani ambayo kila jicho linahitaji, kati ya macho mawili. Nakaa hapa kidogo kwa sababu aina hii ndiyo inayojificha kuliko zote.

Mara nyingi jicho moja huwa fupi kidogo kuliko jingine, kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo picha haitui sawasawa kwenye retina, yaani ukuta wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mtoto mdogo ana nguvu nyingi za kukaza lenzi ya ndani na kuirekebisha picha. Tatizo ni kwamba macho mawili hukaza kwa kiwango kimoja, huwezi kukaza la kushoto zaidi ya la kulia. Ubongo unakaza kiasi kinachotosha jicho lenye namba ndogo, basi unaridhika. Lile lenye namba kubwa linabaki kwenye ukungu, kwa vitu vya mbali na vya karibu, asubuhi mpaka jioni, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu mtoto ambaye jicho moja halioni mbali tu, kwa kiasi cha wastani, mara nyingi huponyoka: jicho lile bado hupata picha safi anaposhika kitu karibu na uso.

Umbo la jicho kwa sehemu ni la kurithi. Televisheni haikumfanyia hivyo, wala simu, wala chochote ulichokula au kukiona ukiwa mjamzito. Nalisema hili wazi kwa sababu akina mama wengi hufika kliniki wakiwa wameshajihukumu, au wameshahukumiwa na ukweni.

Na mtoto hasemi. Hajawahi kuona kwa macho mawili yaliyo sawa, kwa hiyo hajui kwamba kuna kitu anakikosa. Anacheza mpira, anakimbia, anaandika vizuri daftarini. Mwalimu hajalalamika kwa sababu mtoto anasoma ubao kwa jicho la kulia, nalo ni 6/6. Mwambie baba apime mwenyewe. Mkiwa sebuleni mchana, mtoto amevaa miwani yake, baba azibe jicho la kulia kwa kiganja, si kwa vidole maana watoto huchungulia katikati. Amwombe asome tarehe kwenye kalenda iliyo ukuta wa pili. Kisha azibe la kushoto. Kubishana na mume kuhusu 6/24 ni kazi bure, kalenda itamshawishi.

Aina ya pili ni ile ya makengeza. Macho yakielekea pande mbili tofauti, ubongo unapokea picha mbili, na ili kukwepa kuona vitu viwiliviwili unaizima moja. Hawa angalau huonekana, lakini nao wana bahati mbaya yao: kila mtu mtaani ana uhakika kwamba "atakua yatapotea". Mtoto mchanga macho yake yanaweza kupotea njia mara mojamoja mpaka miezi 3 au 4, hilo ni la kawaida. Yakiendelea baada ya hapo, au yakianza upya baadaye, aletwe. Kuna wanaoonekana wana makengeza kumbe hawana, ni pua tu bado pana na ngozi ya kope imefunika weupe wa upande wa ndani; hao kweli hubadilika wakikua, na nadhani ndio waliozaa ule usemi. Lakini kuwatofautisha kunahitaji tochi na mtu anayejua anachotafuta. Kuna pia makengeza yanayoanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 4 kwa sababu ya kukaza macho sana. Hayo, miwani sahihi inaweza kuyanyoosha bila kisu.

Hapo nimegusa swali lako la upasuaji. Upasuaji wa makengeza unanyoosha misuli ya jicho, haufundishi ubongo kuona. Mtoto anaweza kutoka chumba cha upasuaji macho yamenyooka kama mstari, na jicho vivu likabaki vivu. Kwa kawaida tunatibu uvivu kwanza, ndipo tunanyoosha. Mwanao hana makengeza, kwa hiyo hakuna cha kupasua.

Aina ya tatu haimhusu mwanao, lakini kwa kuwa watasoma wengine naiandika: jicho lililofunikwa. Mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi) wa kuzaliwa naye, kope iliyolegea ikafunika mboni, au kovu kwenye kioo cha mbele cha jicho. Huu ndio uvivu mzito kuliko wote, na hapa tunahesabu wiki. Mtoto wa jicho mzito akiwa kwenye jicho moja tangu kuzaliwa, tunataka awe ameondolewa mtoto akiwa na wiki 6 hivi. Akiwa kwenye yote mawili, wiki 8 hivi. Lakini bado kuna watoto wanaofika wakiwa na miaka 3 au 4 kwa sababu mtu fulani alisema ngoja akue kwanza. Ukiona weupe kwenye mboni, au picha ya simu yenye mwanga wa flashi ikaonyesha jicho moja lina wekundu na jingine jeupe, usisubiri siku ya kliniki. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya retina, ambayo huua isipotibiwa. Makengeza mapya yanaweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani hiyo, ndiyo maana kila mwenye makengeza lazima achunguzwe mpaka nyuma ya jicho. Kwa kanda hii ya kaskazini, mahali pa kumkimbiza ni hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi.

Makovu ya kioo cha jicho mengi yanazuilika. Chanjo ya surua na rubela katika miezi 9 na 18, matone ya vitamini A kila miezi 6 mpaka mtoto afike miaka 5: hayo mawili yameokoa macho mengi kuliko sisi wenye makoti meupe. Rubela kwa mjamzito ndiyo mojawapo ya vyanzo vya watoto kuzaliwa na mtoto wa jicho. Na tafadhali, hakuna majani, maziwa ya mama, mkojo wala asali inayotakiwa kuingia kwenye jicho la mtoto. Namheshimu sana bibi wa mtoto huyu ila kwenye hilo sitapunguza neno.

Turudi kwenye tiba. Miwani kwanza, kama walivyofanya. Inampa ubongo picha safi kutoka kila jicho, na kwa zaidi ya robo ya watoto wa aina ya mwanao hiyo tu inatosha kumaliza uvivu. Ndiyo maana mtaalamu mzuri humwacha mtoto na miwani wiki kadhaa, hata miezi 4, kabla ya kuongeza chochote. Walivyokusubirisha miezi mitatu hawakuwa wakizembea. Miwani ivaliwe kuanzia anapoamka mpaka anapolala, shuleni na uwanjani, sio wakati wa kusoma tu. Haiharibu macho, wala haiyafanyi "yazoee". Wanaosema mtoto akivua miwani anaona vibaya kuliko zamani wanasahau kwamba zamani hakujua kuona vizuri kukoje.

Matone aliyowekewa kabla ya kupimwa nayo yalikuwa na kazi. Mtoto anakaza macho mbele ya mashine, na mashine inaandika namba ya uongo. Matone yanalegeza ule mkazo ndipo namba halisi ionekane. Kwa hiyo miwani ya mtoto iliyotokana na kipimo cha haraka cha mashine bila matone, kwenye duka au hema la kampeni, mimi siiamini. Mtu mzima akipimwa hivyo si neno sana. Mtoto anayetibiwa uvivu wa jicho, hapana. Na kioo chake kiwe cha plastiki ngumu, si kioo cha kawaida, kwa sababu mtoto huyu kwa sasa anategemea jicho moja na hatuwezi kulihatarisha kwa mpira wa makaratasi wala kwa ngumi ya darasa la pili.

Sasa hizo saa 2. Zamani tulikuwa tunaziba siku nzima, watoto wakilia, wazazi wakikata tamaa wiki ya pili. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha: watoto wenye uvivu wa kati waliozibwa saa 2 kwa siku walipata nafuu sawa na waliozibwa saa 6. Wenye uvivu mzito waliozibwa saa 6 walikuwa sawa na waliozibwa karibu siku nzima. Jicho la mwanao, kwa 6/24, liko kwenye kundi la kati. Waliokuandikia saa 2 wamekuandikia kipimo sahihi, wala usifikiri ukimwekea saa 5 atapona mapema.

Ninachokijali mimi ni kwamba saa 2 ziwe saa 2 kweli. Hapa ndipo tiba nyingi zinapofia. Mzazi anakuja anasema "tunaziba kila siku daktari", kumbe ni Jumamosi na Jumapili, tena mtoto akiwa amelala. Mimi naona namba haijapanda, naongeza saa, au namwambia dawa hii imeshindwa. Tumetibu hadithi badala ya jicho. Chukueni kalenda ileile aliyosomea baba, kila siku andikeni dakika alizozibwa akiwa macho, hata zikiwa 20, hata ikiwa sifuri. Uje nayo kliniki. Hakuna atakayekugombeza kwa sifuri, na sifuri ya kweli inanisaidia zaidi kuliko saa 2 za adabu.

Plasta ibandikwe kwenye ngozi, juu ya jicho la kulia lililofumbwa, na miwani ivaliwe juu yake. Kuweka kitambaa kwenye kioo cha miwani peke yake kunamwachia njia ya kuchungulia pembeni, na atachungulia, watoto si wajinga. Na angalieni ni jicho lipi! Nacheka ninapoandika lakini si mzaha: dada wa kazi au shangazi akiachiwa jukumu bila maelekezo, huliziba lile "bovu" kwa kulihurumia. Ngozi ikiwasha, geuza mwelekeo wa plasta kila siku, na ulainishe gundi kwa mafuta kabla ya kubandua.

Siku za kwanza atakataa. Mweleweni: mmemwondolea jicho analolitegemea mkamwachia lenye ukungu. Kwa hiyo akiwa amezibwa asivuke barabara ile ya Moshi, asiendeshe baiskeli, asipande ngazi peke yake. Kwa mtoto wa umri wake napendelea azibwe nyumbani baada ya shule, ili wenzake wasimcheke na mwalimu asipate shida ya ziada. Anaweza kugawiwa dakika 30 wiki ya kwanza kisha zikapanda. Zikatike mara mbili, saa moja baada ya chakula, saa moja jioni, si kosa.

Wakati huo afanye nini? Apake rangi, atunge shanga, amsaidie bibi kuchambua mchele, acheze drafti, hata mchezo kwenye simu namruhusu. Shanga ziwe mbali na mdogo wake wa miaka 3. Watu husema kazi za karibu ndizo zinazoponya, lakini utafiti ulipolinganisha watoto waliopewa kazi za karibu na wale waliopewa za mbali, nafuu ilikuwa ileile. Shanga kazi yake ni kumfanya asahau plasta. Na bibi ndiye namtaka awe msimamizi wa zoezi hili, kwa sababu ndiye anayeshinda na mtoto, na kwa sababu anayesimamia kitu huacha kukipinga.

Hofu yake lakini si ya kijinga. Kuziba jicho zima kupita kiasi kunaweza kulipunguzia uwezo, hasa kwa mtoto mdogo sana anayezibwa siku nzima. Kwa saa 2, mtoto wa miaka 6, ni nadra, na likitokea kwa kawaida hurudi tukisimamisha. Ndiyo sababu kila mnaporudi tunapima macho yote mawili, hata lile ambalo halina tatizo. Na ndiyo sababu nakataza kujiongezea saa nyumbani au kukaa miezi 6 bila kurudi. Kila wiki 6 hadi 12 aonwe. Ukimpa bibi maelezo haya, mwambie pia kwamba alichouliza ni swali la daktari.

Umeuliza dawa. Ipo, ila inawekwa kwenye jicho zuri, sijui bibi atasemaje. Ni matone ya atropini. Yanalifanya jicho la kulia lisiweze kukaza, hivyo vitu vya karibu vinakuwa na ukungu na mtoto analazimika kutumia la kushoto. Kwa uvivu wa kati, baada ya miezi 6 matokeo yake yalikaribiana sana na ya plasta, na tone moja Jumamosi na moja Jumapili lilifanya kazi sawa na tone la kila siku. Kwa mtoto anayebandua plasta kila ukigeuka, mimi huhamia huko bila aibu. Gharama yake ni hii: mboni inabaki kubwa siku nyingi, jua la kwetu linamuumiza, kwa hiyo kofia yenye ukingo. Na chupa ifungiwe mbali na watoto kabisa, maana atropini ikinywewa ni sumu. Akiwekewa kisha uso ukawa mwekundu, mdomo mkavu, homa, au akaanza kuweweseka, simamisheni na mwende hospitali hapohapo. Usiinunue mwenyewe duka la dawa kwa kusoma hapa.

Mazoezi ya kuzungusha macho hayatibu uvivu wa jicho. Karoti na mchicha ni chakula kizuri, ila haviwezi kurekebisha tofauti ya namba. Kuna tiba mpya ya kutazama video kwa kifaa cha kuvaa machoni, huko Marekani iliruhusiwa mwaka 2021 kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Inavutia, lakini mwanao hajakosa kitu: plasta na miwani bado ndizo tunazozijua vizuri zaidi.

Itachukua muda gani? Miezi, mara nyingi zaidi ya sita, wakati mwingine mwaka na zaidi. Siwezi kukuahidi 6/6. Wengi hufika 6/12 au 6/9, na hiyo ni tofauti kubwa sana katika maisha: kupima umbali wa kitu kwa macho mawili, kazi zinazodai macho yote, na zaidi ya yote, kama siku moja jicho la kulia likaumia, mtu huyu awe na jingine la kumfikisha. Hilo ndilo jibu langu kwa baba anayeuliza "si anaona kwa moja?".

Likifika mahali pazuri msisimamishe ghafla. Takriban mtoto 1 kati ya 4 hurudi nyuma ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha kuzibwa. Tunashusha dakika kidogokidogo, tunaendelea kupima kwa mwaka au zaidi, na miwani inabaki. Watu wengi huzipoteza faida zote hapa, wakiwa wameshafanya kazi ngumu yote.

Endeleeni pale mlipoanza kama wana utaratibu mzuri, kwa kuwa kupima kwa ubao uleule kunatuonyesha mabadiliko vizuri zaidi. Kama umeziba kwelikweli kwa miezi 3 au 4, kalenda inathibitisha, na jicho halijasogea hata mstari mmoja, omba barua ya rufaa ya kwenda KCMC. Wakati mwingine namba ya miwani inahitaji kupimwa upya, au kuna kitu kidogo nyuma ya jicho ambacho hakikuonekana mara ya kwanza.

Kuhusu mdogo wake wa miaka 3, wasiwasi wako ni wa haki. Mwenye ndugu wa damu mwenye uvivu wa jicho au makengeza yuko kwenye hatari zaidi, na usingoje wapimaji wafike shuleni kwake. Nyumbani unaweza kuanza kwa kumziba jicho moja moja wakati anatazama kitu anachokipenda. Akikubali kuzibwa la kushoto lakini akasukuma mkono na kulia kila unapoziba la kulia, anakwambia kitu. Akikubali yote mawili, mlete vilevile, kwa sababu jaribio hilo haliwakamati wote. Hahitaji kujua herufi. Tunatumia picha, au herufi E inayogeuzwa akaonyesha kwa vidole inaelekea wapi, na hata asipotoa jibu lolote, tochi na matone vinatosha kutupa namba yake. Njoo naye asubuhi akiwa ameshakula, na kofia mkononi. Matone yanawasha kidogo, na mboni zinaweza kubaki kubwa mpaka kesho yake, basi siku hiyo usipange kumpeleka chekechea.